Fedha zikivuka mpaka: somo kwa wauzaji wa parachichi Njombe

Wafanyabiashara wa Njombe wamezoea kuuza viazi, mbao na mahindi kwa wanunuzi wanaoonana nao ana kwa ana. Mnunuzi hufika Makambako, kwenye njia panda ya barabara ya Dar es Salaam–Tunduma na ile ya Songea, hukagua mzigo, hulipa na kupakia. Zao la parachichi limebadili utaratibu huo. Mnunuzi yuko Ulaya au India, ankara hutumwa kwa barua pepe, na malipo hupitia benki zaidi ya moja.

Hapo ndipo wezi wa mtandao hujipenyeza. Husoma kimya kimya barua za pande zote mbili, kisha siku ya malipo ikikaribia humwandikia mnunuzi kwamba akaunti ya muuzaji imebadilika. Anwani yao yaweza kutofautiana na ya kweli kwa herufi moja tu. Mnunuzi hulipa kwa nia njema, muuzaji hapati kitu, na kila mmoja humwona mwenzake tapeli. Kwa kampuni ndogo iliyochukua matunda kwa wakulima kwa mkopo, malipo ya kontena moja yakipotea mtaji wa msimu huweza kwisha.

Je, fedha zilizokwisha kuvuka mpaka zaweza kurudi? Zaweza, ila kwa kuwahi.

Julai 15, 2024, kampuni moja ya biashara ya bidhaa nchini Singapore ilipata barua ya aina hiyo. Julai 19 ililipa Dola za Marekani milioni 42.3 katika akaunti iliyokuwa Timor-Leste. Siku nne baadaye, muuzaji halisi alipodai chake, kampuni ilikwenda polisi siku hiyo hiyo. Polisi wa Singapore walitumia utaratibu wa Interpol wa kuzuia malipo haraka, ulioanzishwa mwaka 2022. Kufikia Julai 25, Dola milioni 39 zilikuwa zimezuiwa, na baadaye zikapatikana nyingine zaidi ya milioni 2. Watu saba walikamatwa.

Tanzania nayo imo katika ushirikiano huo. Katika operesheni ya Interpol na Afripol iliyoitwa Serengeti, kati ya Septemba 2 na Oktoba 31, 2024, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi 19 za Afrika zilizoshiriki, na watuhumiwa 1,006 walikamatwa. Kenya ilichunguza wizi wa Dola milioni 8.6, ambazo zilikuwa zimesambazwa haraka kwenye kampuni za Falme za Kiarabu, Nigeria na China.

Mfanyabiashara aelewe kuwa kuna njia mbili. Ya kwanza ni ya haraka: polisi kwa polisi, benki kwa benki, ili fedha zishikiliwe kabla hazijatolewa. Ya pili ni ya mahakama, ya kupata ushahidi kutoka nje chini ya sheria ya mwaka 1991 ya nchi kusaidiana katika mambo ya jinai. Hiyo huchukua muda mrefu, na mwizi hasubiri. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inatoa msingi wa mashitaka, lakini haiwezi kurudisha fedha zilizokwisha kutawanywa.

Kwa hiyo, mambo manne yazingatiwe. Mkataba utaje namba ya akaunti, na useme kuwa haibadilishwi kwa barua pepe pekee. Badiliko lolote lithibitishwe kwa simu, kwa namba iliyokuwapo tangu mwanzo. Wizi ukigundulika, mnunuzi aiarifu benki yake na polisi wa nchi yake saa ile ile, na muuzaji aende polisi wa hapa. Barua zote, ankara na stakabadhi za benki zihifadhiwe bila kufutwa, kwani bila hizo polisi wa nchi nyingine hawana pa kuanzia.

Simu ya dakika tano kutoka Njombe kwenda kwa mnunuzi ni nafuu kuliko kontena moja la parachichi.