Namna ya Kuihifadhi Haki ya Shehena Yako Kabla ya Kutia Sahihi

Kazi yangu ni uwakala wa forodha katika bandari ya Mombasa, na aghalabu mfanyabiashara anijiaye na malalamiko ya mali iliyoharibika baharini huwa amekwisha kumwona wakili na kukisia fidia atakayolipwa, ilhali hajaulizwa bado lile swali ambalo mimi huanza nalo: siku ulipokabidhiwa mali, uliandika nini juu ya karatasi uliyoitia sahihi? Jibu lake, kwa nilivyoona, huamua daawa nyingi kuliko ufasaha wa wakili yeyote.

Tuanze na hati ya shehena, kwani hiyo ndiyo stakabadhi ya mali, ndiyo ushahidi wa mkataba, na ndiyo inayompa mwenye kuishika haki ya kudai mali hiyo bandarini. Kabla meli haijang'oa nanga, mtake muuzaji akuletee nakala, ukatazame namna mali ilivyohesabiwa. Kanuni za Hamburg za mwaka 1978, ambazo Kenya, Tanzania, Uganda na Burundi zimejiunga nazo, humwekea mchukuzi kikomo cha fidia cha vipimo 835 kwa kila kifurushi, au vipimo 2.5 kwa kila kilo ya mali iliyopotea au kuharibika, kwa kufuata kiasi kilicho kikubwa. Na kipimo hicho ni ile Haki Maalumu ya Kutolea Fedha ya Shirika la Fedha la Kimataifa, ambayo thamani yake inaizidi dola moja ya Marekani. Sasa chukulia katoni 20 za simu, kila moja kilo 15, zimelowa zote. Hati ikiwa imezitaja katoni hizo kwa idadi, kikomo ni vipimo 16,700. Lakini ikiwa imeandikwa kontena moja tu pasipo hesabu ya kilichomo, kontena zima huhesabiwa kuwa kifurushi kimoja, na kikomo hushuka hadi 835. Mstari mmoja alioupuuza karani wa muuzaji ng'ambo ya bahari umekula mali yako yote iliyobaki, na hakuna mahakama itakayokurudishia.

Kontena likifika yadini, usikubali lifunguliwe kabla hujalinganisha nambari ya lakiri na ile iliyoandikwa katika hati, na kuipiga picha ikiwa bado mlangoni. Baada ya mali kutolewa, mimi huingia ndani, nikaomba milango ifungwe kwa nje kitambo kidogo, nikaangaza paa na pembe zote gizani: penye tundu, hata dogo kama la sindano, mwanga wa jua hujifichua wenyewe. Mali ikiwa imelowa, mwite mpima hasara siku hiyo hiyo, wala usiruhusu katoni zianikwe. Yeye hudondosha naitreti ya fedha juu ya pahali palipolowa. Maji yakiwa ya bahari, hapo hapo hutokea utando mweupe, na yakiwa ya mvua au ya jasho la kontena, utando huo hautokei. Tofauti hiyo ni kubwa mno, maadamu chumvi huelekeza taksiri kwenye meli au kwenye ubovu wa kontena, na jasho humpa mchukuzi nafasi ya kusema kwamba mali ilifungwa ikiwa na unyevu.

Ndipo ije sahihi. Andika bayana katika hati ya makabidhiano idadi ya vilivyoharibika na namna vilivyoharibika. Maneno ya jumla kama "itakaguliwa baadaye" hayakufai kitu. Kwa madhara yasiyoonekana kwa nje, Kanuni za Hamburg zinakupa siku 15 za kumwarifu mchukuzi, bali kanuni nyingine za uchukuzi wa baharini, zile za Hague-Visby, zinakupa siku 3 tu. Na muhula wa kufungua daawa ni miaka 2 kwa Hamburg na mwaka 1 kwa Hague-Visby. Kwa kuwa hati nyingi za makampuni makubwa ya meli huandikwa kwa mujibu wa Hague au Hague-Visby, na hutaja mahakama za ng'ambo, mashauri yangu ni kwamba ushike muhula ulio mfupi kila mara, hata ukiwa na yakini kwamba Hamburg inakuhusu. Kuchelewa kutoa taarifa hakuiui haki yako papo hapo, ila huhesabiwa kwamba ulipokea mali salama, na mzigo wa kuthibitisha kinyume chake hukulemea wewe. Kupitwa na muhula wa daawa, hapo hapana dawa.

Tena barua hazisimamishi muda. Namjua muuza vigae mmoja aliyeandikiana na ofisi ya madai ya kampuni ya meli miezi mingi kwa adabu na taratibu, kila barua ikimwomba hati moja zaidi, hata mwaka ulipotimia akaletewa mstari mmoja wa kumwambia kwamba dai limekwisha. Jambo hilo liliniumiza sana. Tangu hapo, mwezi wa tisa tangu makabidhiano ukiingia pasipo malipo, huomba nyongeza ya muda kwa maandishi, yenye tarehe. Isipotolewa, wakili hufungua daawa.

Lipo na jambo la hasara ya pamoja, ambalo huwashangaza wengi. Meli ya Ever Given ilipokwama katika mfereji wa Suez mwezi wa Machi 2021, mwenye meli alitangaza hasara hiyo, na wenye shehena wakatakiwa kuchangia gharama za kuiokoa, ijapokuwa mali zao hazikuguswa. Tangazo la namna hiyo likikufikia, lipeleke siku hiyo hiyo kwa kampuni yako ya bima, iandike hati ya dhamana. Asiye na bima hutakiwa kuweka fedha taslimu kabla ya kufunguliwa kontena lake.