Kipokea mwanga kinachokunjika: kuinasa nanomita 940 peke yake

Kile kibanio cha kidoleni cha kupimia oksijeni kina taa mbili: nyekundu ya nanomita 660 na ya infraredi ya nanomita 940. Ng'ambo ya kidole kuna kipande cha silikoni kinachopokea mwanga uliovuka damu. Shida ni kwamba silikoni haichagui. Hupokea karibu kila kitu hadi nanomita 1100, jua la dirishani likiwemo. Tena ni ngumu, jaribu kuizungushia kidole cha mtoto mchanga!

Polima zinapakwa kama rangi juu ya plastiki nyembamba, zinakunjika. Ila nazo zina tamaa ya mawimbi mengi. Utazifundishaje 940 tu? (Nyekundu itapewa kipokezi chake.)

Njia ya kwanza ni kuweka tabaka kati ya vioo viwili vya metali, ili wimbi linalotoshea humo ndilo lipate nguvu. Kama mwanga ndani ya tabaka hupungua kasi mara 1.8, unene unaotakiwa ni 940 ÷ (2 × 1.8), yaani karibu nanomita 261. Sasa kosea unene kwa nanomita 10 tu: kilele kinahamia 976. Na mwanga ukiingia kwa mshazari, kinahamia upande wa mawimbi mafupi. Kwa kitu cha kukunjwa, mimi hapo nasita.

Njia ya pili, iliyoelezwa mwaka 2015 na Armin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, hutumia tabaka nene. Mawimbi mafupi humezwa mlangoni tu. Chaji zake zina safari ndefu, zinafutana njiani. Mwanga wa ukingoni, ambao polima huumeza kwa shida, huenea tabaka zima, na chaji zake zinafika. Hakuna haja ya kichujio. Gharama yake ni kasi ndogo na kuhitaji volti. Ukizidisha volti, hata chaji za mlangoni zinapenya na uchaguzi unakufa.

Bahati nzuri, mvuke wa maji angani hupunguza jua karibu na 940, kwa hiyo kelele ya nje tayari ni ndogo hapo.

Lakini tusidanganyane. Utafiti wa Marekani wa 2020 ulionyesha vipimo hivi vilikosa upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya weupe. Kipokezi cha kuchagua hakiponyi hilo peke yake. Melanini iko kwenye ngozi, na urekebishaji wa kifaa hutegemea kimepimwa kwa nani.

Kwenye pendekezo langu la mradi nimechukua njia ya pili. Kipimo cha kwanza: kilele kikiwa bapa, kisha kikiwa kimezungushwa kwenye kalamu.