Kasoro Ilikuwa Kwenye Kioo, Si Mbinguni



Katika Suratul Mulk, aya ya 3 na ya 4, Allah (s.w.) anatutaka tuitazame mbingu, kisha tulirudishe jicho tena na tena: je, tunaona kasoro? Jicho litarudi limechoka bila kuipata. Leo tuzisome aya hizi kwa mfano wa jicho lililotengenezwa na binadamu.

Tarehe 24 Aprili 1990 Marekani ilirusha darubini ya Hubble. Huizunguka dunia kwa dakika 95 hivi, na njia yake hupita hata juu ya pwani yetu ya Palma na Mocímboa da Praia. Lakini picha zake za kwanza zilitoka na ukungu. Kioo chake cha mita 2.4 kilikuwa kimesuguliwa kupita kiasi ukingoni, kwa unene mdogo mno kuliko unywele.

Kosa lilitoka wapi? Kifaa kikuu cha kupimia kioo kiwandani kilikuwa kimefungwa vibaya, kwa tofauti ya milimita 1.3. Vipimo vingine vilionyesha kasoro, ila vilipuuzwa kwa hoja kwamba si sahihi kama kile kikuu. Kioo kikasuguliwa kwa ustadi mkubwa, katika umbo lisilo sahihi.

Funzo la kwanza: bidii si dalili ya usahihi. Sisi wa Cabo Delgado tunalijua hili kwa uchungu. Kabla ya mashambulizi ya Oktoba 2017, wako vijana waliojitenga na misikiti ya wazee wao, wakapima dini kwa sauti moja tu. Masheikh walitahadharisha mapema. Aliyekataa kipimo cha pili aliona kasoro kwa kila mtu, kumbe ilikuwa kwenye kioo chake. Elimu ichukuliwe kwa walimu, na mwalimu naye akubali kuulizwa.

Funzo la pili: kosa likikiriwa hurekebishika. Kioo hakikubadilishwa, kilekile kiko angani hadi leo. Wataalamu walilipima kosa lenyewe, na Desemba 1993 wanaanga wakafunga vioo vidogo vyenye umbo la kulifuta. Machi 2002 ikafungwa kamera mpya, ACS, yenye marekebisho hayo ndani yake. Ilielekezwa kwenye kipande kidogo cha anga kilichoonekana kama kitupu, ikakusanya mwanga kwa jumla ya siku 11 hivi. Picha iliyotolewa mwaka 2004 ilionyesha galaksi karibu 10,000.

Toba nayo ndivyo ilivyo. Hatupewi nafsi nyingine. Tunaambiwa tuijue kasoro ya hii tuliyo nayo, tuitibu.

Maswali ya darsa:
1. Ni nani anayekipima kioo chako, na je, unamsikiliza?
2. Utampokeaje kijana anayerudi nyumbani akikiri kosa lake?

Wallahu a'lam.