Kujua ni Nini? Neno kwa Wanafunzi na Wazazi Wao

Wanafunzi wa shule za sekondari na wa seminari zetu hupewa mara kwa mara insha ya namna hii: "Kujua ni nini?" Swali ni fupi, nalo lawashinda hata vijana hodari. Wengi huanza kwa kusema kwamba elimu ni bahari, kisha hurundika maneno makubwa waliyoyanakili vitabuni au, siku hizi, katika simu, hata karatasi ikajaa. Mwalimu akiisha kuisoma haoni wazo hata moja alilolifikiri mwandishi mwenyewe. Jambo hili si la alama za mtihani tu. Anayeandika maneno asiyoyaelewa ajifanya kujua asichokijua. Na huo ni uwongo, hata kama kila neno la karatasi yake ni la kweli.

Afanye nini basi? Na achague jambo moja la hakika, alipime kwa maswali, ndipo aseme kujua ni nini. Twatoa mifano miwili, mmoja wa milima ya Mbinga na mmoja wa mwambao wa Ziwa Nyasa.

Mfano wa kwanza ni mashamba ya ngolo ya Wamatengo. Mlima ni mkali, mvua ni nyingi. Mkulima hufyeka nyasi, huziacha zikauke, huzilaza kwa mistari ikatizanayo ili ifanye miraba, kisha huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuzifunika nyasi hizo. Hubaki mashimo mengi yaliyozungukwa na matuta. Maharagwe hupandwa juu ya matuta, na mahindi hufuata katika msimu wa mvua unaokuja. Maji hutuama mashimoni yasiuchukue udongo, na nyasi zinazooza huwa mbolea. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, pamoja na wenzao wa Japani, waliyachunguza mashamba haya na kuusifu ustadi wake. Sasa mwanafunzi na aulize: Je, mama aliyeyachimba tangu ujana wake, asiyesoma kitabu cha kilimo, alijua au alizoea tu? Je, ujuzi ulianza siku ile wataalamu walipouandika? Akijibu kwamba kujua ni kusoma vitabuni, itampasa aseme kwamba bibi yake aliyemlisha hakujua kitu. Hapo ataona mwenyewe kwamba jibu lake halitoshi, kwa maana uko ujuzi ukaao mikononi kabla ya kuingia kitabuni.

Mfano wa pili watoka Liuli, ambako Wajerumani walikuita Sphinxhafen. Mwezi wa Agosti 1914 meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa nchi kavu kutengenezwa. Meli ya Kiingereza Gwendolen ikaja ikaipiga kwa mzinga. Nahodha Mjerumani, Berndt, alimfahamu vizuri nahodha Mwingereza, Rhoades, walikuwa marafiki. Alistaajabu, kwani habari ya vita ilikuwa haijamfikia. Alishika kwamba pana amani, tena alikuwa na sababu nzuri za kushika hivyo. Walakini amani ilikuwa imekwisha kuvunjika. Basi kuamini kwa sababu nzuri si kujua bado, kama jambo lenyewe si la kweli.

Lakini mwanafunzi asikimbilie kusema kwamba kujua ni kuona kwa macho. Rhoades naye hakuwa ameona majeshi ya Ulaya yakipigana. Aliletewa habari na wakubwa wake, akazisadiki, nazo zilikuwa za kweli. Karibu mambo yote tuyajuayo twayapata kwa kinywa cha wengine. Nani aliishuhudia siku ya kuzaliwa kwake akaikumbuka? Mtakatifu Augustino aliliona jambo hili zamani, akafundisha kwamba pasipo kusadiki maneno ya watu hatungeweza kuishi pamoja. Basi kumsadiki shahidi si upumbavu. Shuruti tupime kama shahidi huyo astahili kusadikiwa.

Yafaa sasa kuipanga insha, na hapa Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, ni mwalimu mwema. Katika Summa Theologiae huweka swali. Hutaja kwanza hoja za wanaopinga, tena kwa nguvu zake zote. Kisha hutoa jibu lake na sababu zake. Mwisho huzijibu zile hoja moja moja. Mwanafunzi na afanye vivyo hivyo. Asimdhihaki mpinzani, bali amtendee haki, kwa kuwa jibu lisilopimwa kwa hoja ya upande wa pili halijathibitika. Kila neno alitumialo, kama vile "kweli", "sababu" na "kuamini", alitumie kwa maana moja tangu mwanzo hata mwisho. Na kama limebaki jambo asiloweza kulimaliza, aliseme wazi wala asione haya. Kitabu cha Plato kiitwacho Theaetetus chapima majibu matatu ya swali hili hili, kisha chamalizika bila kulikubali hata moja. Nacho chasomwa mpaka leo.

Nanyi wazazi, mnaouza kahawa na samaki ili kulipa gharama za shule, msiwaambie watoto wenu kwamba ninyi hamjui kitu. Mtoto akirudi likizoni na kuuliza kwa nini nyasi hulazwa hivi na si vile, mjibuni kwa uvumilivu. Na palipo na jambo msilolijua, semeni kwamba hamlijui. Kwa kufanya hivyo mtamfundisha kupenda kweli, na kijana apendaye kweli hatahitaji kuiba maneno ya mwenziwe.