Bendera Iliyochakaa: Tuiage kwa Heshima Gani?

Ndugu yetu mmoja, mwalimu katika shule ya mwambao wa Ziwa Nyasa upande wa Ruvuma, ametuletea swali ambalo kwa juu juu laonekana dogo, lakini ndani yake mna mafunzo makubwa. Asema kuwa bendera ya shule yao imechanwa na upepo wa ziwa na rangi zake zimepauka, nao wamekwisha kupata mpya. Mwenzao mmoja alitaka kuichoma moto ile ya zamani. Wazee wakamkataza, wakisema kwamba kuchoma bendera ni kuitukana nchi. Siku nyingine mwalimu akamkuta mtoto akiifutia ubao, moyo wake ukasononeka. Tangu hapo bendera imefungiwa kabatini, wala hakuna athubutuye kuigusa. Auliza: tuifanyeje?

Twamshukuru ndugu huyu kwa swali lake, na tunakuomba wewe, msomaji mpenzi, ufuatane nasi katika kulichungua.

BENDERA NI NINI?

Kwa asili yake bendera ni kitambaa tu. Haina roho, haisikii, wala haitudhuru wala kutunufaisha. Muislamu haiabudu, maana ibada ni ya Mwenyezi Mungu peke Yake. Lakini kitu kisichoabudiwa chaweza kuheshimiwa kwa ajili ya kile kinachowakilishwa nacho. Katika vita vya Muta, mwaka wa 8 wa Hijra, Mtume Mtukufu s.a.w. alimkabidhi Zaid bin Haritha r.a. bendera, alipouawa akaishika Jafar bin Abi Talib r.a., na baada yake Abdallah bin Rawaha r.a. Wote watatu walikufa mashahidi, na ndipo Khalid bin Walid r.a. akaichukua. Je, watu hao walikufa kwa ajili ya kitambaa? Hasha! Walikufa wakichunga amana.

Mwambao huu wa Nyasa umeona bendera zikipanda na kushuka. Liuli, Wajerumani waliiita Sphinxhafen kwa ajili ya jiwe lake kubwa. Mwezi wa Agosti 1914 manowari ya Kiingereza, Gwendolen, iliishambulia hapo meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann iliyokuwa imepandishwa nchi kavu ili itengenezwe. Nahodha wa Kijerumani hakuwa na habari kwamba vita vimeanza! Baada ya vita hivyo bendera ya Mjerumani ikaondoka, ikaja ya Mwingereza. Nayo ikashushwa usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Tanganyika ilipopata uhuru. Hata bendera ya Tanganyika haikudumu miaka mitatu. Baada ya Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964, tarehe 30 Juni mwaka huo ikachukuliwa bendera tuliyo nayo leo. Nyeusi na kijani zilikuwamo katika bendera za pande zote mbili, rangi ya dhahabu ikatoka Tanganyika na buluu ikatoka Zanzibar.

Hapa pana funzo la kwanza. Bendera ya Tanganyika haikuondolewa kwa sababu ilidharauliwa. Ilimaliza kazi yake, na rangi zake zikaendelea kuishi katika bendera nyingine. Kustaafu si kufedheheka.

NAMNA BENDERA INAVYOCHAKAA

Jua hupausha rangi, mvua hulegeza nyuzi, na upepo humaliza kazi. Upande uliofungwa mlingotini hutulia. Upande ulio huru hupigwapiga mchana kutwa, basi huo ndio unaoanza kuchanika. Itazame bendera yetu: kijani iko juu karibu na mlingoti, na buluu iko chini upande wa mbali. Kwa hiyo buluu, iliyo alama ya bahari, mito na maziwa yetu, ndiyo iliwayo mapema na upepo, pamoja na ncha ya juu ya mstari mweusi, ulio alama ya watu. Mtu wa Mbamba Bay aonaye bendera iliyopoteza buluu yake aelewe kwamba inayokosekana pale ni alama ya ziwa lake mwenyewe.

Uzi ukianza kufumuka, pindo laweza kushonwa upya, na huo ni utunzaji mwema. Lakini bendera yetu ina kipimo chake: kimo sehemu mbili kwa urefu sehemu tatu. Ukiendelea kukata na kushona, itabaki kitu kingine. Na kuliacha tambara likipepea mlingotini miezi na miezi kwa hofu ya kuligusa ni dharau pia, ingawa mwenyewe adhani anaiheshimu nchi.

JE, MOTO NI TUSI?

Wazee wa ndugu yetu wana haki ya kushtuka. Tumewaona watu wa mataifa mbalimbali wakizichoma bendera za adui zao barabarani kwa makelele. Lakini zipo nchi ambazo moto huo huo ndio njia ya heshima. Kanuni ya bendera ya Marekani, iliyofanywa sheria mwaka 1942, yasema kwamba bendera isiyofaa tena iharibiwe kwa namna ya heshima, na yapendelea ichomwe. Kanuni ya India ya mwaka 2002 yataka iharibiwe nzima nzima, faraghani, kwa kuchomwa au kwa njia nyingine isiyoivunjia heshima.

Nasi Waislamu tunao mfano mkubwa zaidi. Seyidna Uthman r.a. alipokwisha kuandikisha nakala sahihi za Kurani Tukufu na kuzipeleka mijini, aliamuru nakala na karatasi nyingine zichomwe. Hatusemi hata kidogo kwamba bendera ina daraja ya Kitabu cha Mwenyezi Mungu. Twasema hivi: ikiwa karatasi zilizoandikwa maneno matukufu zilichomwa kwa ajili ya kuyahifadhi maneno yenyewe, basi moto peke yake hauwezi kuwa tusi. Tusi limo katika nia na katika namna.

NIA NJEMA HAITOSHI

Labda msomaji atasema: “Basi nami nitaichoma, maana nia yangu ni njema.” Ngoja kidogo. Mtume s.a.w. ametufundisha kwamba matendo hupimwa kwa nia. Lakini nia imo moyoni, na jirani huona moshi tu. Mtume s.a.w. mwenyewe, usiku mmoja alipokuwa akitembea na mkewe Safia r.a., watu wawili wa Ansari walipita. Akawaita na kuwaambia kuwa huyo ni Safia, ili Shetani asitie dhana mbaya nyoyoni mwao. Ikiwa yeye, mwaminifu kuliko watu wote, aliona vema kuwaondolea watu shaka, sembuse sisi?

Tena bendera ya shule si mali ya mwalimu. Ni mali ya umma, na nchi yetu inayo Sheria ya Nembo za Taifa inayokataza kuzitukana nembo hizo. Ndugu atakayeichoma peke yake nyuma ya nyumba aweza kuitwa ajibu, na nia yake asiweze kuionyesha.

LA KUFANYA

Kwa hiyo twamshauri ndugu yetu hivi:

1. Bendera mpya ipandishwe kwa utaratibu wa kawaida, na ya zamani ikunjwe vizuri, itiwe katika mfuko safi. Isiwe tambara la ubao, wala kifuniko cha mzigo wa kahawa, wala tanga la mtumbwi.

2. Mwalimu mkuu aandike habari yake katika kumbukumbu za shule, kisha airudishe katika ofisi ya serikali iliyoitoa, au aiombe ofisi hiyo maagizo.

3. Wakiagizwa kuiharibu wenyewe, ifanyike faraghani, mbele ya mashahidi wachache akiwamo mmoja wa wale wazee. Ichomwe nzima, na majivu yafukiwe mahali pasipokanyagwa. Ikiwa ni ya nailoni, ambayo moshi wake ni mbaya, waulize kama yafaa kuzikwa.

4. Isitupwe ziwani. Nailoni haiozi upesi, na mvuvi wa usipa hakustahili kuinasa bendera ya nchi yake wavuni.

5. Watoto waelezwe. Yule aliyefutia ubao hakuwa na kosa, hakuwa amefundishwa.

Wazee wetu walisema: usitupe mbachao kwa msala upitao. Mkeka wa zamani ulitubeba tukiwa hatuna mwingine. Bendera iliyochakaa nayo imesimama juani na mvuani kwa ajili yetu, na watu wamesimama kimya mbele yake saa 12 asubuhi na saa 12 jioni. Vivyo hivyo mwalimu aliyestaafu, na mzee aliyekaa barazani asiyeweza tena kulima ngoro milimani Umatengo. Anayejifunza kuagana vema na kitambaa, na ajifunze kwanza kuwatunza hao walio hai.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenye kuchunga amana zetu, mpya na kuukuu. Amin.