SOMO LA FAMILIA: MZAZI ACHEZE NA MTOTO WAKE
Masomo: Zekaria 8:4-5, Marko 10:13-16, Wakolosai 3:21



Nabii Zekaria aliwahubiria watu waliotoka uhamishoni Babeli. Alipowaonyesha mji ulioponywa na Mungu, katika mistari hii hakutaja jeshi wala mali. Alitaja wazee wenye fimbo zao, na njia zilizojaa wavulana na wasichana wanaocheza. Basi mchezo wa mtoto si upuuzi, ni dalili ya amani.

Sisi wakimbizi wa Kigali tunajua jinsi amani hiyo inavyopotea nyumbani. Baba anarudi jioni bila kazi, mama anawaza kodi ya nyumba, na mtoto anaitwa tu anapotumwa maji au anapokosa. Polepole anazoea kunyamaza mbele ya wazazi wake.

1. Mafunzo yenyewe

Katika miaka ya 1960 huko Marekani, Bernard na Louise Guerney walianza kuwafundisha wazazi kuwasaidia watoto wao kwa njia ya mchezo. Baadaye Garry Landreth aliyapanga katika vipindi 10, mzazi akicheza na mtoto dakika 30 kila juma. Siku hizi mafunzo ya namna hii hutolewa pia kwa intaneti. Mwaka 2020, wakati wa Korona, Shirika la Afya Duniani, UNICEF na wenzao walisambaza mashauri kwa wazazi katika lugha nyingi. Shauri moja kubwa lilikuwa kumpa kila mtoto muda wake peke yake. Hapa Rwanda, mpango wa Sugira Muryango umewatembelea wazazi nyumbani, na akina baba pia wamefundishwa kucheza na watoto.

2. Jinsi ya kufanya

a) Chagueni siku na saa, mkaitunze kama saa ya ibada.
b) Simu iwekwe mbali. Somo la simuni ni la mzazi. Mtoto anakuhitaji wewe.
c) Mtoto achague mchezo: mpira wa matambara, gari la waya, vifuniko vya chupa, udongo.
d) Mzazi afuate. Asiamuru wala asihoji. Aseme anachokiona: "Naona umefurahi."

Asiye na simu asikilize kwa jirani, kisha afanye kwake. Mchezo hauhitaji mega.

3. Je, mtoto hatatudharau?

Hapana, kwa sababu mipaka inabaki. Mtoto akitaka kukupiga, mwambie: "Najua umekasirika. Lakini mimi si wa kupigwa. Piga mto huu." Umeitambua hasira yake, umemkataza, umemwonyesha njia nyingine. Paulo aliwaonya akina baba wasiwachokoze watoto hata wakakata tamaa.

Yesu alikuwa na mafundisho mazito na safari ya Yerusalemu mbele yake, lakini aliwakumbatia watoto waliofukuzwa na wanafunzi wake.

Mchezo hautibu kila jeraha. Mtoto anayeendelea kushtuka usiku au kukataa chakula apelekwe kituo cha afya.

Maswali ya kujadili nyumbani
1. Juma hili, kila mtoto wetu tulimpa dakika ngapi bila kumtuma wala kumgombeza?
2. Tutaanza siku gani?

Tuombe: Bwana, jaza nyua zetu vicheko vya watoto. Amina.