Kodi Ndiyo Iliyojenga Dola

Nikiwa mwaka wa kwanza, niliandika katika mtihani kwamba wafalme wa Ulaya walikuwa na nguvu zote tangu mwanzo. Nilikosea, na alama zilinionyesha.

Katika zama za kati, mfalme wa Ufaransa alitegemea zaidi mapato ya ardhi yake, na vita vikija aliwategemea makabaila. Vita virefu na Uingereza, 1337 hadi 1453, vilibadili hali hiyo. Mwaka 1439 Charles VII alijiwekea peke yake haki ya kukusanya askari; mwaka 1445 akaanza kuunda jeshi la kudumu. Jeshi la kudumu lilitaka kodi ya kudumu, na kodi ikataka maafisa.

Uingereza, Bunge lilishikilia idhini ya kodi. Charles I alitawala bila Bunge tangu 1629, lakini vita na Waskoti vilimlazimu kuliita tena mwaka 1640. Ufaransa, baraza la makasisi, makabaila na raia halikuitwa tangu 1614 hadi 1789, mwaka wa mapinduzi.

Basi mkisoma habari za dola yoyote, ulizeni kwanza: nani anaidhinisha kodi? Hapo ndipo mtakapoona mamlaka yalipo.